Namna ya Kuendesha Upimaji wa Macho Kijijini ili Kuwabaini Walio Hatarini Kupata Presha ya Macho

Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, huharibu neva ya jicho polepole na mara nyingi bila maumivu, ikianza kula uoni wa pembeni, hivyo mtu huendelea kutambua nyuso za watu huku sehemu kubwa ya neva ikiwa imekwisha kufa, na uoni uliopotea hivyo haurudi. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta na ugonjwa huu takribani watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea.

Kabla ya kutangaza siku ya upimaji kupitia mtendaji wa kijiji, kubalianeni na hospitali yenye daktari wa macho kwamba itawapokea mtakaowapa rufaa. Yasipopatikana makubaliano hayo, ni afadhali kuahirisha.

Tangazo liwaite wenye miaka 40 na zaidi, waliowahi kuumia jicho, na hasa wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa watu wenye ugonjwa huu. Waiteni pia wanaotumia matone ya macho kwa muda mrefu, nao waje na chupa zao. Jambo hili husahaulika mno: mtoto mwenye mzio hununuliwa dukani, bila cheti cha daktari, matone yenye deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi), mwasho hutulia upesi, mzazi hurudi kununua tena na tena, na kumbe dawa hiyo hiyo inaweza kupandisha presha ndani ya jicho hadi mtoto akapofuka.

Siku yenyewe, pimeni uoni kwa chati ya herufi E katika umbali wa mita 6, jicho moja baada ya jingine, na mwenye miwani ya mbali aivae. Kisha mulikeni tochi kutoka upande wa sikio, sambamba na uso wa jicho. Upande wa puani ukibaki na kivuli, huenda nafasi ya mbele ya jicho, kati ya kioo cha jicho na mboni, ni finyu, na mtu huyo asitiwe matone ya kupanua mboni kabla ya kuonwa na daktari.

Kipimo cha kawaida cha presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki, lakini msimruhusu mtu aende nyumbani kwa namba hiyo peke yake. Wapo wenye 16 ambao neva yao inaharibika, na wapo wenye 24 ambao neva yao ni nzima. Kwa sababu hiyo mtaalamu aitazame neva yenyewe kwa oftalmoskopu, kifaa chenye mwanga cha kuonea ndani ya jicho: kishimo cha katikati kikifikia sehemu 7 kati ya 10 za kipenyo cha kichwa cha neva (sehemu ya neva inayoonekana nyuma ya jicho), au kikiwa kikubwa zaidi katika jicho moja kuliko jingine, andikeni rufaa.

Mwenye jicho jekundu linalouma sana, uoni uliofifia na kichefuchefu asafirishwe siku hiyo hiyo. Mwenye mtoto wa jicho uliokomaa naye asicheleweshwe, kwa kuwa lenzi iliyovimba inaweza kuziba njia ya maji ya jicho.

Andikeni namba ya simu ya kila aliyepewa rufaa, na baada ya wiki mbili mpigieni kumuuliza kama alifika. Asiyefika aulizwe kilichomzuia, iwe ni nauli au kukosa wa kumsindikiza, na aliyethibitika kuwa na ugonjwa aombwe awalete ndugu zake wapimwe.