Umekabidhiwa mashine ya kupimia masikio ya wachanga? Anzia hapa

Mtoto wa dada yangu tulijua hasikii akiwa na miaka mitatu. Alisimama kichochoroni Mkomani, Lamu, punda wenye mawe wanakuja nyuma yake, mwenye punda anapiga makelele, na mtoto hata kichwa hakugeuza. Alipozaliwa alipata manjano makali, akalazwa siku tisa, akaruhusiwa. Masikio yake hakuna aliyeyauliza. Siku hizi mashine ya kupimia naishika mimi, na haya ndiyo ninayomwambia kila muuguzi mpya.

Usipime siku ile ile ya kuzaliwa kama unaweza kungoja. Tundu la sikio bado lina ute mweupe wa tumboni, na mashine itamkataa mtoto mzima, umtie mamake hofu ya bure. Zipite saa 24. Lakini boti ya Faza haimngoji mtu, kwa hiyo mzazi anayewahi kurudi kwao mpimie mwanawe mwisho kabisa, mizigo ikishafungwa. Afadhali hivyo kuliko kumkosa.

Mtoto anyonye, ashibe, alale, ndipo umguse. Mashine hutoa milio midogo, na sikio la ndani likiwa zima hurudisha mwangwi unaonaswa na maikrofoni iliyo kwenye ncha. (Aliyeugundua ni David Kemp, London, mwaka 1978.) Mwangwi wenyewe ni hafifu mno, hata feni huufunika. Zima feni, funga dirisha, mashangazi waombe wapunge upepo nje kidogo. Adhana ikianza, ngoja iishe. Punda naye akilia, mwache amalize.

Chagua ncha ya mpira inayoziba tundu sawasawa. Vuta sikio taratibu kwa chini na nyuma, ingiza, kisha achia. Mashine ikikataa, toa ncha uitazame: mara nyingi imezibwa na uchafu. Isafishe au badilisha, rudia mara moja. Si mara kumi! Ukiing'ang'ania mpaka ikubali, jibu zuri laweza kuja kwa bahati tu, na mtoto asiyesikia akaenda nyumbani ameandikiwa kwamba amepita. Na pima yote mawili, hata la kwanza likijibu vizuri.

Neno uziwi usilitaje siku hiyo. Mimi husema, "Mwanangu, sikio la kushoto halijajibu leo. Huenda ni uchafu tu, tutalipima tena." Bibi yake atakuambia, "Sista, mbona alipoadhiniwa alishtuka?" Usibishane naye. Mweleze kwamba mtoto huhisi pumzi na mtikisiko, na ndiyo sababu hata kumpigia makofi si kipimo: upepo wa kofi humfika usoni.

Sasa marudio. Kanuni inayofuatwa nchi nyingi ni apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Kwetu mwezi wa kwanza mzazi yuko ndani, arubaini haijaisha, na ukimpangia wiki ya tatu unajidanganya. Nilijidanganya hivyo mwaka mzima. Chanjo ya wiki 6 huangukia siku ya 42: ametoka ndani juzi tu, na kliniki atakuja. Tumechelewa kidogo, lakini miezi 3 bado iko mbele. Andika marudio kwenye kijitabu, ubavuni mwa chanjo hiyo.

Wapo watoto ambao mashine hii haiwatoshi: aliyekuwa na manjano makali hata akabadilishwa damu, njiti wa chini ya gramu 1,500, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyelazwa chumba cha wachanga mahututi zaidi ya siku 5. Sikio lao laweza kurudisha mwangwi huku neva haifikishi sauti kwenye ubongo. Hata wakipita, waandikie rufaa ya kipimo cha neva. Huyu wetu, kwa manjano yale, huenda mashine yangu ingempitisha.

Uliza pia, kwa upole, kama ukoo una asiyesikia tangu utotoni.

Chukua namba mbili za simu, ya nyumbani na ya jirani, maana baba akiwa baharini hapatikani. Na kama ni miezi ya kusi, bahari imechafuka, na mama anatoka kisiwani Kiwayu, usimpe siku moja ya kurudi. Mpe juma zima.