Kabla ya kusaini mtoto apandikizwe uloto

Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Binti yangu wa kwanza ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua akiwa na miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vilipovimba vikang'aa, na mama mkwe akasema mtoto kafanyiwa mambo. Sasa ana miaka tisa. Imetuchukua mwaka na nusu kuamua kama apandikizwe uloto au aendelee na dawa. Naandika tulivyokwenda hatua kwa hatua ili mzazi mwingine asianzie mwisho kama nilivyoanzia mimi.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto watoto wenye selimundu. Habari ikafika mwaloni. Jirani akanijia mbio: "Mama, ugonjwa wa binti yako umepata dawa!" Wiki hiyohiyo mume wangu alianza kutafuta mteja wa injini ya boti, na injini ndiyo inayotulisha. Bahati mteja alichelewa. Kwa hiyo la kwanza kabisa: usiuze kitu chochote kabla ya vipimo. Wakati ule hatukujua hata kama kuna mtu nyumbani anayeweza kumchangia.

Jua kwanza unaambiwa nini

Uloto, wengine wanauita uboho, ni ule ute ulio ndani ya mfupa. Ndio unaotengeneza damu. Kwa mwenye selimundu unatoa chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto analia mifupa. Kupandikiza ni kuuondoa uloto huo kwa dawa kali, kisha mtoto anawekewa wa mtu mwingine kupitia mshipa, kama anavyoongezewa damu. Hapasuliwi. Mimi nilidhani watamfungua mifupa, na kwa miezi miwili nilikuwa naogopa kitu ambacho hakipo, huku yale ya kuogopa kweli siyajui.

Ya kuogopa ni haya. Dawa zile kali zinamwacha mtoto hana kinga kwa wiki kadhaa, na homa ndogo inaweza kumwondoa. Mwili unaweza kuukataa uloto mpya, ugonjwa ukarudi. Au uloto mpya unaweza kuuona mwili wa mtoto kama mgeni ukaanza kuushambulia: ngozi, ini, utumbo. La nne ni uzazi, nitalirudia.

Anza na daftari

Nina daftari la hesabu za dagaa. Mbele naandika ndoo nilizonunua, nani kakopa, gunia ngapi zimekwenda Kasulu. Siku moja binti alishikwa na maumivu niko kwenye chanja naanika, sina karatasi nyingine, nikaligeuza nikaandika ukurasa wa nyuma. Ukurasa huo una magamba ya samaki mpaka leo: "Jumanne, saa nane usiku. Mguu wa kushoto, kisha mgongo. Dawa ya maumivu mara mbili. Shule hakwenda siku nne." Nikaendelea hivyo. Kila akiumwa: siku, mahali panapouma, kama alilazwa, kama aliongezewa damu, wingi wa damu ulikuwa ngapi, siku za shule alizokosa.

Fanya hivi mwaka mzima, au angalau miezi sita, kabla ya kuzungumzia uloto kwa dhati. Kichwa cha mzazi hakihesabu vizuri. Akiumwa leo unaona anaumwa kila siku, akipata nafuu mwezi mmoja unaona kapona. Daktari wa kliniki aliponiuliza binti anashikwa mara ngapi kwa mwaka, ningejibu "mara nyingi". Daftari lilisema tisa. Kati ya hizo tatu alilazwa, na mara moja kifua kilibana mpaka akawekewa oksijeni. Daktari alilishika daftari lile lenye harufu ya dagaa akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na ile ndiyo mara ya kwanza nilihisi tunazungumza juu ya mwanangu na si juu ya wagonjwa wa selimundu kwa jumla.

Je, dawa imetumika ipasavyo?

Swali hili ndilo linalorukwa zaidi. Haidroksiyurea, dawa ya kunywa ya selimundu, inapunguza maumivu na kulazwa kwa watoto wengi, lakini kipimo chake, yaani dozi, kinakwenda na uzito, na damu inatakiwa ipimwe mara kwa mara ili kiongezwe taratibu. Binti yangu alikaa miaka miwili kwenye kipimo kilekile katika kituo kimoja, naye kaongezeka kilo sita. Sikujua kuuliza. Kilipopandishwa, mwaka uliofuata daftari likaonyesha mara mbili tu.

Ukikuta mwanao hajawahi kuipata dawa hii, au anaipata wiki hii wiki ijayo imekwisha, tengeneza hapo kwanza. Usilinganishe upandikizaji na matibabu mabovu. Linganisha na matibabu mazuri, ndipo uone pengo limebaki kiasi gani.

Kwetu pengo lilikuwa kichwani. Kuna kipimo cha mlio, kama kile cha wajawazito, kinachowekwa penye panja kuangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Watoto wa selimundu wanatakiwa kufanyiwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Tulisafiri kukifanya mwaka 2024, miezi ile mitatu ziwa lilipofungwa, maana ndipo mume wangu alipokuwa na nafasi. Yeye binti alikuwa anacheka na mhudumu, haumwi popote. Kasi: 214.

Kinga inayojulikana ya hali hiyo ni kuongezewa damu kila mwezi. Mwenye mtoto mgonjwa Kigoma anajua maana yake: kila mwezi kutafuta ndugu wa kuchangia, na madini ya chuma yanajaa mwilini mpaka nayo yahitaji dawa yake. Pale damu ya kila mwezi isipowezekana, haidroksiyurea hutumika badala yake. Baada ya miezi ya dozi kamili kasi ilishuka hadi 188. Imeshuka, lakini haijafika mahali pa kulala usingizi. Basi daftari linasema anaendelea vizuri, na kipimo cha kichwa kinasema bado. Vyote viwili vilikuwa kweli, na hapo ndipo kuamua kulipoanza.

Nani anaweza kuchangia

Anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Ukiwa na ndugu wawili wa hivyo, nafasi ya kumpata angalau mmoja inakaribia 44 kwa 100. Mtoto wa mke mwenzio nafasi yake ni ndogo mno, na shangazi au mjomba vilevile, hata awe na moyo gani. Shemeji yangu alifunga safari kutoka Uvinza kujitolea, ikabidi nimweleze taratibu asijisikie amekataliwa.

Kundi la damu silo linaloamua. Wanaangalia alama nyingine, zinaitwa HLA, ambazo nusu tunazipata kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana mzazi kwa kawaida analingana na mwanawe nusu tu. Zipo hospitali zinazopandikiza kwa nusu hiyo, ila hatari ya kukataliwa au kushambuliwa inapanda, kwa hiyo hilo ni zungumzo lake peke yake. Ndugu mwenye kubeba chembe za selimundu bila kuumwa anaruhusiwa kuchangia, ila mwenye ugonjwa wenyewe hapana.

Kabla ya kupima, mimi na mume wangu tulikubaliana kwa maneno yaliyosikika: kulingana si kusema ndiyo. Naomba nawe uyaseme kabla damu haijatolewa. Majibu yakitoka kwamba mmoja analingana, watu wote wa nyumba wanaanza kushangilia, na baada ya hapo kusita kunaonekana ni kumnyima mtoto uhai. Kwetu aliyelingana ni kaka yake wa miaka sita. Mama mkwe alipiga vigelegele. Nilimwacha amalize, nikamwambia, "Mama, bado hatujaamua."

Na huyo mchangiaji ni mtoto wako pia. Anapewa dawa ya usingizi, uloto unavutwa kwa sindano nyuma ya nyonga, mgongo unamuuma siku chache, na mwili unaurudisha uloto ndani ya wiki chache. Mweleze hivyohivyo. Usimwambie kwamba yeye ndiye atamwokoa dada yake. Mambo yakiharibika, atabeba mzigo ambao si wake.

Maswali ya kuuliza hospitali

Uliza bila aibu: hapa mmefanya wangapi, wangapi wako hai, wangapi uloto ulikataliwa, wangapi walishambuliwa na wanaendeleaje. Zipo takwimu za watu 1,000 wenye selimundu waliopandikizwa kati ya 1986 na 2013, wengi Ulaya na Marekani, wote wakiwa na ndugu aliyelingana kabisa. Baada ya miaka mitano walio hai walikuwa karibu 93 kwa kila 100, na walio hai bila ugonjwa kurudi karibu 91. Waliopandikizwa wakiwa wadogo walifanya vizuri kuliko wakubwa. Namba hizo zinatia moyo, lakini saba katika mia ni watoto wa watu. Nilizihesabu kwa ndoo za dagaa ndipo zikaniingia: ndoo mia, saba zimemwagika ziwani.

Suala la uzazi liulize mapema, na mume awepo. Dawa za kuondoa uloto wa zamani zinaweza kuharibu mayai ya binti au mbegu za mvulana. Ziko dawa kali na zilizo nafuu zaidi kwa hilo, na ziko njia za kuhifadhi, basi uliza mtoto wako atapewa zipi na lipi linawezekana. Mume wangu aliposikia alinyamaza mpaka tukafika tulikofikia. Usiku akasema, "Tunaamua kuhusu wajukuu ambao si wetu, ni wake." Ni kweli, na sikupata jibu zuri. Tulichofanya ni kuzungumza na mwanamke mtu mzima mwenye selimundu, tuliyekutana naye kliniki, tukamuuliza yeye angetaka wazazi wake wachague nini. Alitafakari sana. Alisema angetaka waulize, kama tulivyouliza.

Jua pia kwamba binti akipona na akazaa, bado atawarithisha wanawe chembe ya selimundu, kwa sababu kilichobadilika ni damu tu. Mwenza wake atahitaji kupimwa.

Kuhusu pesa, omba mchanganuo wa maandishi, na uonyeshwe kipi bima italipa na kipi hailipi. Watu wanahesabu upandikizaji wanasahau kinachofuata: karibu miezi mitatu kuishi jirani na hospitali, watu wazima wawili wa kupokezana, dawa za kutuliza kinga kwa miezi mingi, na kurudi Dodoma kila mara, iwe kwa treni au kwa basi la Tabora. Halafu nyumbani. Chandarua kisichotoboka, maji yaliyochemshwa, chanjo za utotoni kurudiwa, na kwangu mimi, kuhamisha moshi wa kukaushia migebuka kutoka uani.

Wa talasemia

Kwenye foleni nilikaa na mama wa Tabora ambaye mwanawe ana talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi ambao nao hupandikiziwa uloto. Daftari lake haliandikwi maumivu. Linaandikwa chupa za damu, kila wiki tatu au nne, na dawa ya kutoa chuma. Kwao ini ndilo linalosema. Daktari Lucarelli wa Pesaro, Italia, aliangalia mambo matatu: ini limevimba, ini lina makovu, na dawa ya chuma haikutumiwa sawasawa. Watoto wasio na hata moja kati ya hayo ndio waliofanikiwa zaidi kwenye upandikizaji. Kwa hiyo mwenye talasemia, hata kama hujaamua lolote, dawa ya chuma usiiache siku moja, maana ndiyo inayomlindia mwanao nafasi hiyo.

Tulivyokata shauri

Tulikaa watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe. Kila mmoja aseme jambo moja tu analoliogopa zaidi, wengine wasijibu. Mume wangu alisema kiharusi kumkuta binti huku mchangiaji analala chumba kimoja naye. Mama mkwe alisema kufa bila kuona kitukuu. Mimi nilisema kumrudisha kwenye jeneza mtoto aliyeondoka akitembea. Tukalala nayo wiki mbili.

Kisha tukamuuliza mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa hasaini, ila anasikia. Alitaka kujua mambo mawili: nywele zitaota tena, na atarudia darasa? Tukamwambia nywele zitaota, darasa huenda akarudia. Akasema sawa, ila asirudie na mdogo wake.

Tumekubali. Kilichotusogeza ni 188 ile, umri wake na kaka anayelingana kabisa. Kingekosekana kimoja, naamini tungebaki na dawa na kipimo cha kichwa kila mara, na lisingekuwa kosa. Sasa tunasubiri simu ya kitanda. Meno yamekaguliwa, chanjo zimekamilishwa. Daftari bado linaandikwa, maana kama kasi au afya yake itabadilika kabla ya safari tunayo haki ya kusema tusubiri. Injini nayo imepata mteja mwingine. Mume wangu amemwambia bei, na akamwambia hataifungua botini mpaka tarehe itoke.