Kusafisha kitalu nyumba cha nyanya kabla ya masika

Kwa wakulima wa Arusha na Kilimanjaro, miezi ya Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mvua za Machi hazijaanza, ndiyo inayofaa zaidi kwa usafi wa kitalu nyumba, yaani banda la nailoni na wavu la kulimia mimea.

Anza kwa kung'oa mimea yote ya zamani pamoja na mizizi yake, uitie ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri na kuiacha juani, kwa sababu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014, huendelea kukua ndani ya majani yaliyotupwa kando ya shamba. Kamba kuukuu za kufungia nyanya zisitumike tena.

Udongo ndio unaostahili subira kubwa kuliko yote, kwani buu wa kantangaze hujificha humo akisubiri kuwa nondo. Ulainishe, umwagilie hadi ulowe, kisha uufunike kwa nailoni angavu, si nyeusi, ukiikandamiza kingo zake kwa udongo, na uiache kwa wiki nne hadi sita ili joto liue wadudu na vimelea.

Wakati huo osha paa kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, maana vumbi la kiangazi huzuia mwanga, ziba matundu ya wavu, na ufungue ncha za mipira ya kumwagilia kwa matone ili maji yasukume uchafu nje. Viuatilifu vihifadhiwe nje ya kitalu, katika kabati lenye kufuli.