Jinsi ya kumpata nahodha wa kweli wa kuvua mshipi, toka Dar mpaka Latham na Mafia

Upepo wa kusi ukianza kulegea, yaani Septemba kwenda Oktoba, watu wa Dar wanaanza kuulizana boti za kwenda kuvua kwa mshipi, kijisiwa cha Latham au Mafia. Nani ana boti, bei gani, injini ngapi, kuna friji ya vinywaji au hakuna. Karibu hakuna anaeuliza nahodha ni nani, na hapo ndo hela inapopotea, maana boti kali ya faiba yenye injini mbili mpya akiishika mtu asiejua mkondo mtaota jua tu siku nzima kwa bei ya mahari alafu mnapitia soko la samaki la Feri kununua nguru wa kupiga nae picha.

Huko Kanada, British Columbia, wana samaki wao anaitwa steelhead, ni trauti anaezaliwa mtoni, anaenda kukulia baharini alafu anarudi mtoni kutaga. Lodge zao zingine ziko porini kabisa, kufika mpaka helikopta au boti, na mtu anaeujua mchezo kabla hajalipa anauliza kwanza nani atamuongoza, vitanda baadae. Sisi tungeanza hivo hivo.

Pa kumtafutia ni ufukweni, matangazo yanafuata baadae sana. Nenda Feri asubuhi mapema boti zinaposhusha, au Kunduchi, au vuka Kigamboni, tafuta wale wanaoleta nguru na jodari wa mshipi, sio wa nyavu, waulize kwa adabu, "shikamoo mzee, boti za wageni zinazoenda Latham, nani anaijua bahari ile?" Jina litakalotajwa na watu watatu wasiokaa pamoja, huyo ndo wa kumfata. Wengi wao utakuta ni watu wa Mafia, wa Kizimkazi au hao hao wa Kunduchi, wameanzia kwenye ngarawa toka watoto, injini na GPS wamezikuta ukubwani. Sio kwamba kijana hawezi, wapo vijana wazuri mno, ila muulize amejifunzia kwa nani, na kama hana wa kumtaja we endelea kutafuta.

Ukishampata usianze na bei. Anza na tarehe. Mwambie tunataka kwenda Jumamosi fulani alafu nyamaza umsikilize. Mzoefu atahesabu mwezi, hasa wazee, wanahesabu mwezi mwandamo vidoleni, leo mwezi ngapi, maana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakuwa ya bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana na mkondo unakimbia, katikati hapo yanakuwa maji mafu. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo mtu anaekwambia "tunatoka saa 11 alfajiri siku zote" bila kuangalia maji hajafikiria samaki, kafikiria foleni ya Bagamoyo Road. Wa kweli atakwambia siku hiyo maji yanaanza kujaa saa fulani, kwa hiyo tuwe mwambani kabla, au atakwambia wazi sogezeni wiki moja. Anaekataa hela yako kwa sababu ya maji, mshike huyo huyo.

Swali la pili ni upepo. Kaskazi linavuma kama Desemba mpaka Machi, kusi linaingia na masika na linakuwa kali zaidi Juni na Julai, katikati kuna vipindi vya bahari kulala. Muulize siku gani hatoki kabisa. Akijibu "mi natoka muda wowote bosi" muage kwa heshima. Latham, ambako Wazanzibari wanapaita Fungu Kizimkazi, ni zaidi ya kilomita 60 toka Dar, upande wa mashariki, kijisiwa kidogo cha tambarare kimejaa ndege, hakuna kivuli wala maji ya kunywa wala pa kujificha mawimbi, na baada ya hapo ni bahari kuu. Kilichowaleta samaki pale ni kina kirefu kilicho karibu na mwamba, mkondo ukigonga pale unapandisha chakula juu, dagaa na vibua wanajikusanya, alafu wakubwa wanawafata. Lakini bahari hiyo hiyo ikichafuka hamna pa kukimbilia. Kwa hiyo angalia na utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, mwenyewe, wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2 safari imekufa, hata kama mlishanunua barafu.

Mtego mdogo ninaoupenda: mwambie "si tuanze na kurusha hapo Mbudya au Bongoyo?" Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu toka 1975, kuvua hairuhusiwi. Akisema hakuna anaeona, basi huyo na jaketi za kuokolea atakuwa ana mtindo huo huo, hakuna anaeona.

Kuhusu boti sitaongea sana. Jaketi za kila mtu zinazomtosha, redio ya mawasiliano ya VHF inayoshika chaneli 16, ile ya dharura baharini, GPS, injini mbili kama mnakwenda Latham, cheti cha ukaguzi wa TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, leseni ya kuvua, na mafuta kwa hesabu ya theluthi: moja kwenda na kuvua, moja kurudi, moja haiguswi. Muombe akuonyeshe, asikuhadithie. Na acha mtu nchi kavu anaejua mmetoka saa ngapi na mnategemewa saa ngapi.

Mkishatoka sasa, kazi yako kubwa ni kumuacha afanye kazi. Wabongo tuna ugonjwa, mtu kalipa basi anataka kumuelekeza nahodha, mara geuka hapa mara nenda kule kuna boti nyingine. Tulia tezi, yaani huko nyuma ya boti, mwangalie yeye anaangalia nini. Macho yake yako kwa ndege muda wote, ndege wanaoruka juu wanapita tu bado wanatafuta, wakianza kudondoka majini kama mvua ya mawe chini kuna kitu kinawasukuma dagaa juu, na nahodha mzuri hapiti katikati ya kundi, anazunguka pembeni ili chambo ndo kipite penye samaki na boti isiwazamishe. Anaangalia na rangi ya maji, mstari pale maji ya kijani yanapokutana na bluu, na mistari ya mwani na takataka zinazoelea, fulusi wanapenda kukaa chini ya vitu hivo.

Kurambaza, yaani kuburuta mshipi boti ikitembea, kwa chambo bandia boti inakwenda noti (maili za baharini kwa saa) 6 mpaka 8 hivi, kwa chambo cha nyama taratibu zaidi. Kwa nguru na mzia lazima kuwe na waya mbele ya ndoana, meno yao yanakata mshipi kama wembe wala huhisi kitu. Jodari kinyume chake, ana macho, akiona waya anaondoka, anataka mshipi mgumu usioonekana. Kolekole ni mwambani, kurusha popa, chambo bandia cha kuelea, na kuivuta kwa kelele, na akila usimpe nafasi hata kidogo maana anakimbilia kwenye jiwe. Sulisuli akija anapiga chambo kwa mdomo kwanza, hapo wageni wanavuta kwa papara wanamkosa, msikilize nahodha akisema subiri we subiri, acha mshipi uende, akisema sasa ndo unafunga. Breki ya rili usiiguse samaki akiwa anakimbia, muache yeye au baharia wake aipange kabla.

Sulisuli na nduaro boti nyingi za michezo wanawaachia, na hapo unamuona mzoefu kuliko sehemu yoyote. Hampandishi samaki ndani ya boti ili mpige picha, anavaa glavu, anamshika mdomo pembeni ya boti akiwa majini, boti inasogea mbele polepole ili maji yapite kwenye mashavu mpaka samaki apate nguvu, alafu anaachia. Picha mnapiga hapo hapo upesi. Ukiona anachukua kulabu kwa samaki ambae mmekubaliana anaachiwa, unajua uko na nani.

Kama mnataka Mafia mambo ni hayo hayo ila mbali zaidi, kuna ndege ndogo toka Dar au boti toka Nyamisati mpaka Kilindoni. Kule lodge ukiandikia usikubali jibu la "tuna waongozaji wazoefu", kila lodge inasema hivo. Uliza jina, uliza yupo tarehe hizo au kaenda likizo, uliza anachukua wageni wangapi kwa boti, zaidi ya wanne wenye fimbo mishipi inasukana tu. Na uliza mnavua wapi, sababu Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, toka 1995, ina kanda zake na kwenye kanda ya ndani kabisa huvui kitu. Mwenyeji halisi anaijua mipaka hiyo bila ramani. Alafu kati ya Oktoba na Machi papa potwe wanakuwa karibu na Kilindoni, nahodha anaepitisha mishipi katikati yao mkatalieni pale pale.

Mwisho malipo. Mkubaliane kabla ya kutoka samaki ni wa nani, huwa ndo ugomvi mkubwa mkirudi, boti nyingine samaki ni wa boti na mnapewa wa kula, nyingine mnagawana. Muulize pia kama bei ina mafuta, chambo na chakula cha mabaharia. Hela ya asante mpe nahodha mkononi na baharia mpe yake mbali, usimpe mwenye boti awagawie. Namba ya simu chukua ya nahodha mwenyewe, akihamia boti nyingine mwakani mnahama nae.