Niru iachie ndani

Ukimwita fundi akumalizie baraza au ngazi za nje hapa Kigoma, atakimbilia kupiga niru, yaani kulainisha uso kwa uji wa saruji. Inang'aa, na ikitiwa rangi ya oksaidi nyekundu inapendeza kweli. Ngoja sasa mvua za Novemba. Nyumba nyingi ziko mteremkoni, tope linakuja na viatu, na niru ikilowa ni sabuni tupu. Mama mkwe aliteleza na ndoo kwenye ngazi zangu. Aibu ile naijua mimi.

Nje mwambie apitishe fagio la chelewa, maji ya juu ya zege yakishapotea lakini kidole bado kinaacha alama. Mistari ikate njia ya mguu, isiifuate. Hakuna hata mfuko wa saruji unaoongezeka.

Ukitaka urembo zaidi, toa kokoto zionekane: uso wa zege unasuguliwa kwa brashi na maji kabla haujashika sana, vijiwe vinachomoza. Chagua za mviringo, zenye ncha zinaumiza nyayo za watoto. Mwinamo uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na umwagilie siku 7.