Jinsi ya kujifunza andiko moja hadi lifike kwenye maisha ya leo: mfano wa Wafilipi 4:13

"Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mwanafunzi huusoma mstari huu kabla ya mtihani, mchezaji kabla ya mechi, mfanyabiashara kabla ya kuomba mkopo. Ndio ninaoutumia ninapoanza na kikundi kipya cha kujifunza Biblia, kwa sababu kila mtu huja akiamini kwamba tayari anaujua.

Andaa Biblia, daftari na kalamu, na utenge saa moja na nusu hivi. Simu iwe mbali, isipokuwa kama ndiyo Biblia yako.

Hatua ya 1: Soma waraka wote kwa mkupuo mmoja

Wafilipi ina sura 4 na mistari 104. Hata ukisoma kwa sauti hutafika nusu saa. Na kwa kweli soma kwa sauti, maana ndivyo kanisa la Filipi lilivyoupokea: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Usisimame kwenye namba. Paulo hakuziweka, mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinasaidia sana kutafuta mahali, ila zimetuzoesha kudonoa.

Hatua ya 2: Nani anaandika, kwa nani, na yuko katika hali gani?

Kabla ya kukimbilia kitabu kingine, tafuta majibu ndani ya waraka wenyewe. Sura ya 1:13 inataja vifungo: mwandishi ni mfungwa. Sura ya 2:25–30 inamtaja Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia Paulo, akaugua karibu ya kufa. Sura ya 4:18 inasema ndiye aliyeleta zawadi yao. Sehemu hii ya waraka, basi, ni barua ya shukrani kutoka kifungoni.

Kisha fungua Matendo 16 uone kanisa hilo lilivyoanza. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi katika Makedonia, na wa kwanza kuamini huko alikuwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Humo humo Paulo na Sila walipigwa na kutiwa gerezani, na mlinzi wao akaamini usiku ule ule. Unapowawazia wasikilizaji wa kwanza wa waraka huu, wawazie watu wa namna hiyo. Habari za kifungo hazikuwa hadithi ya mbali kwao. Walijua pia kwamba mfungwa wa siku hizo aliwategemea sana ndugu na marafiki kwa chakula na mavazi.

Wataalamu hubishana kama kifungo kilikuwa Roma, Efeso au Kaisaria. Usipoteze jioni hapo.

Hatua ya 3: Kaa na mistari ya jirani

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Soma 4:10–20 mara tatu. Mara ya pili, piga mstari chini ya kila neno linalohusu kuwa na kitu au kukikosa. Utaona mstari wa 12 umejaa: kudhiliwa, kufanikiwa, kushiba, kuona njaa, kuwa na vingi, kupungukiwa.

Sasa jiulize: "mambo yote" ya mstari wa 13 ni yapi? Ni hayo yaliyotangulia kutajwa. Paulo anasema ametiwa nguvu ya kuishi shibe na njaa bila kuyumba. Mtihani na mechi havimo katika orodha yake.

Mara ya tatu, usiishie 13. Mstari wa 14 unaanza na "Lakini": lakini mlifanya vema mliposhiriki nami katika dhiki yangu. Hapa vikundi vingi hunyamaza kidogo. Yule anayeweza mambo yote anashukuru kwa kusaidiwa, wala haoni aibu.

Hatua ya 4: Lisikilize andiko jingine

Soma 2 Wakorintho 8:1–2. Paulo anayasifu makanisa ya Makedonia kwa kutoa wakiwa katika umaskini mkubwa. Filipi iko Makedonia. Ipime upya ile zawadi ya Epafrodito.

Hatua ya 5: Vitabu vya ufafanuzi

Sasa ndiyo, si mapema. Ukivifungua mwanzo utasoma macho ya mtu mwingine.

Hatua ya 6: Vuka uje leo

Swali ninaloliuliza ni hili: leo ni nani yuko mahali pa Paulo, na nani yuko mahali pa Wafilipi? Mtu aliyepoteza kazi akiambiwa "unaweza mambo yote, jikaze", mstari wa 13 umegeuzwa fimbo. Aliyemwambia hivyo amejiweka nje ya mstari wa 14, ambako kazi yake ingekuwa kushiriki dhiki.

Kuna upande mwingine, nao husahaulika. Paulo anasema alifundishwa hata kuwa na vitu vingi. Tunaombea sana wenye njaa, na ni sawa. Lakini mshahara ukipanda na matumizi yakapanda nao, huku mkopo wa simu ukijaza pengo, ni nani anayekaa na mtu huyo kumfundisha kushiba? Mimi naona kanisa la leo linahitaji somo hili la pili kuliko la kwanza.

Hatua ya 7: Andika jambo moja

Moja tu, lenye mtu na siku. "Nitakuwa mkarimu" halitoshi. "Ijumaa nitampigia fulani nimuulize kodi ya nyumba imefikia wapi" linatosha. Au, kama wewe ndiye mwenye dhiki, andika utakayemwambia.

Ukishazoea, jaribu Yeremia 29:11 kwa hatua hizi hizi. Anza na mstari wa 10, ule wenye miaka 70.