Komini ikinunua, nenda na mizani

Chuma cha ujenzi cha milimita 12, urefu mita 12, kina kilo 10 na zaidi ya nusu. Cha milimita 10, urefu uleule, hakifiki kilo 7 na nusu. Ziweke kichwani namba hizo mbili kabla ya kuendelea kusoma.

Nilikuwa magazinye hapa Lubumbashi miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kupokea mali, kuhesabu na kutia saini. Nilipopumzika, vijana wa karitie wakaniingiza katika kamati ya kufuatilia mfereji wa maji ya mvua, katika komini moja kati ya saba za mji huu. Ni ipi, tuache. Siku baraza linapitisha uamuzi wa kununua vifaa vyake tulipiga makofi, mama mmoja akatuletea kinywaji cha munkoyo, tukarudi nyumbani tumefurahi. Wiki tano baadaye lori likafika. Vyuma nikaviona vyembamba. Nikamwendea jirani anayenunua mitraye, vyuma chakavu, nikaazima mizani yake ya kuning'iniza, nikapima kimoja: kilo 7 na kitu. Nikasema sitii saini.

Mleta mali hakukasirika hata kidogo. Alitoa karatasi ya uamuzi wetu wenyewe: "vyuma vya ujenzi, 200." Milimita ngapi? Hapakuandikwa. "Mzee, vyuma ni hivi, hesabu, ni 200." Alikuwa na haki. Tuliokosa ni sisi tuliokuwa tunapiga makofi.

Kwa hiyo kazi inaanzia kikaoni, na inaanza na kalamu.

Ujue kwanza nani ni nani. Baraza la komini ndilo linalojadili na kupitisha bajeti. Wanaotekeleza ni burgumesta, yaani mkuu wa komini, msaidizi wake na maeshevini wawili wanaoongoza naye, na anayeagiza malipo ni burgumesta. Makonseye wetu, yaani wajumbe wa baraza hilo, walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya sasa tarehe 20 Desemba 2023, kwa hiyo wengi bado wanajifunza kazi, na si aibu. Usitafute konseye anayejua kuhutubia. Tafuta anayekubali kuuliza swali dogo linalowachosha wenzake.

Mkiambiwa pesa haipo, ulizeni mstari gani wa bajeti, kisha muombe kuuona. Pale penye mgodi ulizeni zaidi: sheria ya madini ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa komini, au kule vijijini sekta au shefuri, ambamo mgodi uko.

Halafu sikilizeni uamuzi unavyosomwa kabla haujafungwa. Ukisomwa "kununua vifaa vya ujenzi", nyosha mkono. Uamuzi unaoweza kuusimamia getini unakaa hivi: "Vyuma 200 vya milimita 12, urefu mita 12, simenti mifuko 150 ya kilo 50, vyote vipokelewe mahali pa kazi, mchana, mbele ya watu wawili wa kamati, malipo ya mwisho yatoke baada ya PV ya kupokea mali." PV ni karatasi inayotiwa saini kuthibitisha kilichopokelewa. Kwa mabati andikeni BG, namba ya unene wa bati, na hapo muwe macho: BG 28 ni nene kuliko BG 32. Namba ikipanda, bati linakonda. Nimeona watu wazima wakishangilia kupewa 32 badala ya 28, wakidhani wameongezewa.

Kuhusu profoma, karatasi za bei ambazo maduka hutoa kabla ya kununua, sitasema mengi. Zikiletwa tatu, zitandaze mezani pamoja. Tazama namba za simu, tazama makosa ya kuandika. Nilishawahi kuona tatu za maduka matatu, na zote zimeandika "sementi" kwa kosa lilelile, mwandiko mmoja. Sheria ya Aprili 2010 ya masoko ya serikali inataka zabuni ya wazi iwe kawaida, kuelewana na mtu mmoja kuwe jambo la pekee, na inakataza kukatakata soko moja vipande ili likwepe zabuni. Kwa hiyo ukiona kitu kilekile kimenunuliwa mara tatu kidogokidogo katika mwezi mmoja, uliza kwa nini. Na siku ya kufungua bahasha za zabuni, nenda. Inafanyika hadharani. Hulazimiki kusema neno. Kaa nyuma, andika kila bei inavyosomwa kwa sauti. Daftari la mtu aliyenyamaza linaogopwa kuliko kelele.

Sasa getini, ambako watu hawaendi.

Muwe wawili, mmoja ahesabu, mwingine aandike. Anayehesabu asiandike, maana ataandika alichotarajia. Msikubali kutia saini ofisini kabla ya kuona mali, hata mkiambiwa lori limekwama njiani na kesye, mlipaji, anataka kufunga. Mkialikwa kula bukari kwanza, itikeni kwa heshima, mle baadaye. Sisemi ni matabishi, yaani hongo. Nasema mtu aliyeshiba chakula cha mleta mali anahesabu haraka.

Simenti usiihesabu kwa kuzunguka rundo. Mifuko hupangwa vizuri kando, katikati kukaachwa shimo. Panda juu, au hesabu wanapoteremsha, kila mfuko mstari mmoja, mistari mitano unaifunga. Bonyeza pembe za mfuko: ukiwa mgumu kama jiwe, uweke kando, usihesabu. Tafuta tarehe iliyochapwa; iliyokaa zaidi ya miezi mitatu imeshapunguza nguvu, na ikikutwa na mvua za Novemba ndiyo basi.

Vyuma huja vimekunjwa katikati ili viingie kwenye lori, na hiyo inakusaidia: ning'iniza kwenye mkunjo, soma mizani. Pima vitano, usivichague juu ya mzigo. Chomoa chini na katikati, kwa sababu vizuri hupangwa juu. Pima urefu pia. Chuma cha milimita 12 kilichokatwa mita moja kitakupa kilo pungufu, na utamlaumu mtu kwa unene kumbe kosa ni urefu.

Kwenye PV andika namba kwa tarakimu na kwa maneno. Pakiwa na kasoro, usikatae kuandika. Wengi hukasirika wakaondoka, na karatasi inatiwa saini na mwingine. Baki, andika ulichokiona: "Vimefika 200, vitano vilipimwa, hakuna kilichofika kilo 8, mifuko 6 migumu haikupokelewa." Piga mstari wa mshazari juu ya nafasi tupu iliyobaki kabla ya saini, asije mtu akajaza usiku. Piga picha ya karatasi hapo hapo, uitume kwa watu wawili.

Vile vyuma vyetu vyembamba havikurudishwa. Fundi alivipanga karibukaribu kuliko ilivyochorwa, vikaisha kabla ya mfereji kufika mwisho, na mita za mwisho zikangoja bajeti nyingine. Ile bajeti nyingine ilipokuja niliomba nafasi ya kusema. Nikaeleza kwamba mizani ile niliiazima kwa jirani, na kwamba yeye hawezi kuniazima kila lori likija, naye ana biashara yake. Nikaomba iandikwe: mizani moja ya kuning'iniza.

Kimya kidogo. Kisha konseye mmoja kijana, hata jina lake nilikuwa silijui, akanyosha mkono: "Ya kilo ngapi, baba?"

Tukaandika 50.